Mustari Mweupe kwa Karo za Muzee Kassimu

Siku ya ine, 6 Juni

Bamemupa Ketsia pisini. Yote, na pompi yake, na funguo ya kanyumba ka pompi. Mutoto wangu, ule nilizaa mi mwenyewe hapa Baraka, ndiye musimamizi wa pisini ya kwanza mi najua kwa mwambao huu, toka kwetu mpaka Kazimia.

Sasa ndiyo nakusalimia, daftari. Kurasa zako zilibaki nyeupe kisha Ketsia kumaliza sekondari, na mi sipendi kitu ipotee. Mi nilifika mwaka wa pili wa sekondari, vita ikatuvusha ziwa, na masomo ikabaki ngambo hii. Lakini kuandika sikusahau.

Muzee Kassimu, ule wa maboti, alijenga nyumba ya wageni kando ya ziwa, karibu na fasi tunaanikia ndagala, tusamaki twetu tudogo. Nyuma yake alichimba pisini, bwawa ya kuogelea, akaipamba na karo, vile vigae vya bluu, zenye zilivuka toka Kigoma. Bantu banacheka. Banasema ziwa nzima iko hapa na muzee anataka kuogea ndani ya sahani. Yeye anajibu kama wageni wake iko na batoto, na ziwa iko na mamba. Binti yake Kulthumu ataolewa mwisho wa kiangazi, na karamu itakuwa pale pembeni ya maji. Muzee alimwambia Ketsia achunge pisini kiangazi yote. Siku ya ndoa, kama maji na karo iko safi, kazi ni yake kabisa. Kama sivyo, atamuita Guy wa Uvira, ule anatengeneza mapisini miaka mingi.

Ketsia alisoma shimi, ile masomo ya kuchanganya dawa, Bukavu. Kisha alienda kufanya kazi ya kutandika vitanda kwa hoteli moja ya Bujumbura, na saa ya mapumziko, wenzake balikuwa banalala, yeye alikuwa anakaa na fundi wa pisini kumuuliza maulizo. Huyo ndiye mutoto wangu.

Alinisihi nisitangaze kwanza. Nilijaribu. Nilinyamaza mpaka muteja wa kwanza wa ndagala zangu sokoni.

Siku ya tano, 7 Juni

Marthe, prezida wa korali yetu, aliniuliza mbele ya bantu kama kweli mutu anaweza kusoma miaka yote ile kusudi achunge maji. Nilimujibu kama maji ya Muzee Kassimu ni kubwa kuliko kreti za soda za mutu. Vainqueur, mutoto wake, anauzisha soda kwa duka ya mujomba wake. Alirudi kwa meza yake ya mafuta. Mi nilirudi kwa ndagala zangu na furaha.

Siku ya tatu, 12 Juni

Nilimupelekea Ketsia ugali na sombe ya majani ya mihogo. Iddy, mulinzi, alinifungulia kama mugeni wa heshima. Pisini ni nzuri, siwezi kudanganya, maji inacheza na bluu mpaka macho inachoka.

Lakini fasi maji inagusa karo, kuzunguka pisini yote, kuko mustari mweupe. Upana wa vidole viwili. Niligusa: inakwaruza sawa ulimi wa paka. Ni ile kitu inakamata ndani ya birika ya chai. Nilimwambia Ketsia apanguse, bibi-arusi asione.

Alicheka. Alisema haipanguswi. Maji tunavuta toka ziwa iko na chokaa ndani, tunaikunywa kila siku hatuione. Jua inakunywa maji, chokaa haiikunywe, inaiacha kwa karo. Na ziwa yetu, maji yake haina ukali wa ndimu hata kidogo, inaegemea upande wa sabuni. Ikizidi kuegemea vile, chokaa inatoka ndani ya maji na kutafuta fasi ya kukamata. Alinionesha. Alichota maji kwa kachupa kadogo, akadondosha dawa. Ikigeuka rangi ya machungwa, maji iko sawa. Iligeuka pinki kali.

Kunahitajika asidi ya kuishusha, na asidi inatoka Uvira, na njia ya Uvira, na mashimo yake, tunaijua wote.

Siku ya tano, 14 Juni

Mustari bado iko.

Siku ya kwanza, 17 Juni

Upepo na vumbi. Nilipitia kwa waya ya uzio bila kuitwa. Ketsia alikuwa amepiga magoti na brosi laini na siki, anasugua karo moja moja. Fasi alimaliza asubuhi, saa ya mchana jua ilikuwa inaandika tena.

Siku ya posho, 22 Juni

Muzee Kassimu alikuja kuangalia. Ketsia ananiambia hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilimuogopesha. Alipitisha kidole kwa mustari, akaangalia kidole, akauliza kama Guy bado iko na namba ile ile ya telefone.

Bwana yangu Eugène anatengeneza mota za boti, na kwake kila ugonjwa iko na dawa ndani ya karakana. Alimwambia Ketsia achukue asidi ya betri, iko nayo tele. Ketsia akasema: Papa, ndani ya betri kuko risasi, ile sumu, batoto bataogelea ndani. Eugène akasema batoto ba siku hizi ni dhaifu. Nilimwambia aende kulala.

Lakini mi ndiye sikupata usingizi. Bantu bote banajua. Mi ndiye niliwajulisha.

Siku ya yenga, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Kisha misa Marthe alinifikia pole pole, na sauti ya mutu anauliza mugonjwa, akasema alisikia pisini inatoa ukurutu. Nilimwambia kabla ya juma moja itang'aa kuliko sufuria zangu. Na sufuria zangu bantu banazijua. Mutu akipita mbele ya nyumba yetu anaweza kujinyoa ndevu ndani yake.

Sijue juu ya nini nilisema juma moja. Mudomo ulisema, mi nikaufuata.

Siku ya ine, 4 Julai

Ketsia ameenda Uvira kutafuta asidi na dawa ya kupimia. Atarudi siku ya kwanza. Jua kali. Nilipita kwa uzio asubuhi, nikapita tena mangaribi. Mustari imenenepa.

Siku ya posho, 6 Julai

Leo tumefanya kazi, daftari. Acha niandike yote mbele mikono haijalala.

Kila siku ya posho asubuhi ni salongo, kila mutu anafagia mbele ya nyumba yake. Sisi ba korali tuko na desturi yetu: tukimaliza kwetu, tunachagua nyumba ya mujane ao ya mugonjwa, tunaifanyia salongo pamoja. Jana nilienda kwa Marthe. Ndiyo, kwa Marthe. Nilimwambia leo salongo iende kwa pisini. Nilizani atanicheka. Alifunga kitambaa kichwani akauliza tubebe nini.

Tulibeba majivu. Majivu ya maganda ya ndizi, ile kali, ile inakula masizi ya sufuria mpaka chuma inaona aibu. Na mchanga wa ziwa, mwembamba. Marthe ndiye alijaza ndoo ya kwanza. Na waya za kusugulia. Iddy alisita kwa mulango. Nilimwambia Iddy: Ketsia anajua. Basi, angejua siku ya kwanza, si mbali.

Bamama bote ba korali balishuka ndani ya maji na vitenge vyao vimefungwa kiunoni. Tulisugua na kuimba. Tulipiga majivu kwa mustari, tukapiga mchanga juu ya majivu, tukasugua mpaka mabega ililia. Mustari ilianza kutoka. Chokaa ilikuwa inaanguka kama unga. Marthe alisema mutoto wako alisoma sana, lakini majivu, hiyo shule haimufundishe mutu. Tulicheka mpaka Iddy mwenyewe akacheka. Tulisukuza na maji, majivu yote ikashuka ndani ya pisini, tukasema itatulia chini. Kisha Marthe akaona maji imepunguka. Tulipanga mustari wa bamama toka ziwa mpaka pisini, ndoo inapita mukono kwa mukono, tukaijaza mpaka juu.

Tulipoondoka karo zilikuwa zinang'aa na maji, bluu tupu. Nilisimama pale nikaona ndoa ya Kulthumu, nikaona Ketsia wangu na funguo shingoni, nikaona Muzee Kassimu anapitisha kidole na kidole inabaki safi.

Mikono inaniuma. Furaha haiumi.

Siku ya yenga, 7 Julai

Iddy alikuja kunitafuta kanisani, akasimama inje mpaka misa ikaisha. Aliniambia niende kuona. Nilienda.

Maji iko nyeupe. Si mustari, maji yote. Sawa maziwa ya ng'ombe za Bibokoboko, hauone hata ngazi ya pili.

Siku ya kwanza, 8 Julai

Ketsia alishuka kwa pikipiki na kibidoni cha asidi amekifunga ndani ya blanketi kama mutoto. Vumbi ya njia yote iko kwa nyusi. Mi nilikuwa namungojea kwa mulango wa pisini na maneno yangu nimeyapanga vizuri.

Hakungoja hata moja. Alipita, akasimama kwa ukingo, akaangalia. Kisha akachota maji kwa kachupa, akadondosha dawa. Pinki haikutoshea, ilienda mpaka zambarau. Alikaa chini. Aliniuliza nini iliingia ndani. Nikamwambia: majivu, mchanga, na maji ya ziwa, na korali.

Alisema pole pole, kama mutu anamufundisha mugeni njia:

"Mama, majivu inapandisha ile kitu mi nilienda Uvira kununua dawa ya kuishusha. Sasa chokaa yote imetoka kwa maji mara moja. Hii maziwa unaona, ni chokaa."

Nilimwambia angalau karo zimepona. Hapo alipunguza maji na pompi mpaka mustari ikatoka inje, akangoja karo zikauke na upepo. Zilipokuwa na maji zilikuwa zinang'aa. Zilipokauka nikaona mikwaruzo. Upande wa ziwa wote, fasi tulikuwa wengi na tulisugua na waya, karo imepoteza mafuta yake, imefifia sawa kioo cha zamani. Na ndani ya mikwaruzo chokaa imeisha kukamata, mupya. Alisema fasi iko na mikwaruzo chokaa inapata meno ya kushikilia.

Nilimwambia tulifanya vile juu ya kumusaidia, kila mutu anajua namna nilimutangaza, siwezi kuacha mutoto wangu achekwe soko yote.

"Kazi hii ni yangu ao ni yako?"

"Ni yetu, mama yangu."

"Kumbe. Mi nilizani ni yangu."

Hakulia. Alichukua kibidoni akaingia ndani ya kanyumba ka pompi akafunga mulango. Nilibaki inje na upepo, ukanitupia vumbi ndani ya macho, na hiyo ndiyo nilimwambia Iddy.

Siku ya pili, 9 Julai

Hakuna.

Siku ya tano, 12 Julai

Ketsia anakula nyumbani, anasema asante, anasimama. Eugène anajaribu kumuongelesha juu ya mota, Ketsia anamujibu vizuri. Mi ananijibu vizuri pia. Afadhali angenitukana.

Soko yote inajua. Sikia ajabu: Marthe hakunicheka. Nilikuwa nangojea, nilikuwa na jibu tayari. Aliniuzia mafuta ya mise, yale mawese, akaongeza kikombe juu, akamugeukia muteja mwingine.

Siku ya yenga, 14 Julai

Nilipita kwa uzio. Maji ingali nyeupe. Iddy haniangalii usoni.

Siku ya pili, 16 Julai

Nilienda kwa Muzee Kassimu.

Anakaa asubuhi kwa gati, kwa kiti chake cha plastiki, kahawa mukononi, akihesabu kwa macho mizigo inapanda boti za Kazimia. Nilivaa kitenge cha sikukuu. Alinisalimia, akauliza habari za Eugène, za nyumba, za ndagala, na mi nikajibu yote. Kisha akaacha kuhesabu mizigo.

Nilimwambia Ketsia alikuwa Uvira, mikono yake haikuwa pale. Ni mikono yangu. Bamama mi niliwaita, Iddy mi nilimudanganya.

"Mama Ketsia," akasema, "nahodha akienda kula, mutu akapanda boti yangu akaitoboa, nafukuza nani?"

"Ule alitoboa, Muzee."

"We siwezi kukufukuza. Sikukuandika kazi."

Alikunywa kahawa. Alisema alikuwa ameisha kumupigia Guy, atakuja tarehe 20 Agosti. Guy ataangalia maji na karo na macho ya fundi. Akisema iko sawa, Ketsia abaki. Akisema haiko sawa, Guy mwenyewe anaanza kazi siku ile ile, juu ndoa haingojee mutu. Na toka leo, Iddy asinifungulie mulango kama Ketsia mwenyewe hajaniita.

Nilimushukuru. Nilipogeuka akanifuatisha na neno moja: majivu ile nimupelekee muke wake, iko na sufuria. Sijue kama ilikuwa muchezo. Nilimupelekea.

Siku ya ine, 18 Julai

Nilimwambia Ketsia yote Muzee alisema. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Ulienda peke yako?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akachukua sahani yangu akaiosha.

Siku ya tatu, 24 Julai

Nilipita kwa uzio, mbali. Rangi ya bluu imerudi! Ketsia amekuwa akitia asidi kidogo kidogo kila mangaribi, pompi inazunguka, filtri inameza ile unga, anaisukuza, inameza tena. Na alitoa nusu ya maji akaleta ya mutoni, ya milimani, na gari ya tanki. Alisema aliipima, iko na chokaa kidogo kuliko ya ziwa.

Lakini maji kuwa safi imeonesha mustari vizuri zaidi. Iko pale, pande zote ine, na upande wa ziwa imekuwa ngumu kama jino.

Siku ya posho, 27 Julai

Asubuhi nilikuwa nimekaa kwa kizingiti nasugua visigino mbele ya kwenda kwa ndoa ya bantu ba kanisa. Ketsia alipita na ndoo yake, akasimama. Aliangalia miguu yangu muda murefu mpaka nikaificha.

"Mama, ile jiwe inatoka wapi?"

Ni jiwe ya Goma, ile nyepesi ya mulima wa moto, yenye matundu, kila mama iko nayo. Inaelea kwa maji. Alinitolea mukononi na mi nikabaki na kisigino kimoja cha sikukuu na kingine cha kazi. Aliilowesha, akaenda kuijaribu kwa karo ya kwenye pembe, nyuma ya ngazi, fasi hakuna mutu anaona. Alirudi saa sita. Alisema fundi wa Bujumbura alikuwa na jiwe ya namna ile, yeye alizani inatengenezwa na mashini Ulaya. Ikiwa na maji, na karo ikiwa na maji, inakula chokaa na haikwaruze karo. Lakini inaisha mbio. Ile yangu imebaki sawa kipande cha sabuni.

"Mama, unaweza kunitafutia zingine?"

Aliniita Mama mara mbili kwa siku moja. Nilitoka mbio.

Jiwe ya miguu si kitu unaomba mutu, ni sawa kumuomba kitana. Nilizunguka kwa bamama ba korali na aibu yangu mukononi. Nilianzia kwa Marthe kusudi nimalize mubaya kwanza. Alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na jiwe yake na ya shangazi yake na mupya moja ingali na bei juu. "Ndoo ya kwanza ya mchanga ni mi niliijaza," akasema. "We unazani mi nalala?"

Miaka yote nimekaa na huyu mwanamuke kwa benchi moja, sikujua.

Siku ya ine, 1 Agosti

Siku ya bazazi. Batoto ba bengine banapeleka bazazi kwa soda. Ketsia alinipa glavu. "Leo ni siku yenu. Njoo tufanye kazi." Alimwambia Iddy mwenyewe afungue.

Alinipa masharti yake na mi nikayafuata kama kuruta. Maji inashushwa kiganja kimoja chini ya mustari. Kitambaa inaloweshwa na siki na ndimu, inalazwa juu ya chokaa mpaka ilainike. Nilimuuliza muda gani, akasema imba wimbo mumoja na beti zote. Kisha jiwe, na maji, na mukono mwepesi, kuzunguka zunguka. Nikikaza mukono ananigusa bega. Uchafu inashuka kwa ndoo, hairudi ndani ya pisini. Asidi yenyewe mi siigusi: anaimwaga yeye ndani ya ndoo yenye imeisha kujaa maji, asidi juu ya maji, hapana maji juu ya asidi. Na klorini inalala chumba ingine, juu zikikutana zinatoa moshi inaua mutu.

Nilipomaliza karo moja niliingoja ikauke. Ilikauka bluu.

Nilitaka kuita mutu aje kuona. Niliangalia kushoto na kuume, kulikuwa Iddy tu. Nikamuita Iddy.

Siku ya posho, 3 Agosti

Pande mbili zimeisha. Mikono inanuka ndimu, Eugène anasema amelala na saladi.

Siku ya kwanza, 5 Agosti

Upepo ya kusini, kavu, inavuta maji sawa mutu anakunywa na mrija. Ketsia anasema kutoa chokaa ni nusu, kuzuia isirudi ndiyo kazi. Tulichomaliza siku ya ine kimeanza kufifia. Roho yangu haikai. Nilifanya ugali mara mbili bila kujua.

Siku ya posho, 10 Agosti

Ketsia alisema: kama jua haioni maji, haiikunywe. Anahitaji kufunika pisini saa za jua kali, lakini kifuniko cha pisini kinatoka mbali, hakitafika. Nilifungua mudomo kusema, nikaufunga. Nikamuuliza kwanza: naweza kusema kitu? Alicheka, mara ya kwanza toka Julai. Nikamwambia zile bashi, maturubai tunaanikia ndagala na mihogo, tukiziunga zinaweza kufunika kanisa.

Tulizisugua na sabuni inje, mbali na pisini, tukazikausha. Marthe alishona na sindano ya neti. Sasa kila siku saa ine ya asubuhi pisini inavaa bashi, na saa kumi inavua. Kila mangaribi Ketsia anapima maji na kupangusa mustari na kitambaa chenye siki, hata kama haoni kitu. Maji ikipunguka anajaza na ya mutoni, hapana ya ziwa.

Siku ya ine, 15 Agosti

Pande zote ine zimeisha, na leo maji inatoa rangi ya machungwa. Jana pia.

Siku ya posho, 17 Agosti

Sikupita. Nilijizuia na kazi ya ndagala. Nilipita mara moja tu.

Siku ya pili, 20 Agosti

Guy alifika saa tatu, kijana wa tumbo, na mifuko mingi kwa suruali. Mi nilikuwa inje ya uzio, na Marthe, na korali karibu yote, tumesema tunaanika ndagala. Hakuna mutu alianika.

Alipima maji na dawa yake mwenyewe, akatikisa kachupa, akakaonesha Muzee. Kisha akazunguka pisini polepole na kidole kwa mustari. Alipofika upande wa ziwa akapiga magoti. Akapangusa na shati, akangoja ikauke. Marthe alinishika mukono mpaka pete ikaniuma.

Tulisikia vizuri, upepo ulikuwa unakuja kwetu. Guy alisema karo za upande ule zimekwaruzwa, hazitarudi namna zilikuwa, siku moja zitabadilishwa. Ketsia hakusema ni nani. Alisema ni kweli, na ndiyo maana upande ule anaupangusa mara mbili, asubuhi na mangaribi, juu chokaa inapenda kuanzia pale. Guy alimuuliza anatumia nini. Akamuonesha jiwe. Guy aliigeuza geuza, akainusa, akauliza inatoka wapi, Ketsia akasema inatoka kwa miguu ya bamama bangu.

Bangu. Nilisikia na masikio yangu.

Guy alifunga mifuko yake. "Muzee," akasema, "umeniita kufanya nini? Hapa kuko mutu."

Muzee Kassimu hakucheka wala hakusifu. Alipitisha kidole chake mwenyewe, akakiangalia, akakipangusa kwa kanzu ingawa hakikuwa na kitu. Akamwambia Ketsia viti vya bazee aviweke upande wa ziwa, bakae na migongo kwa mikwaruzo, bibi-arusi akae ngambo. Na mama yake akaribishwe, lakini Iddy amuangalie mikono kwa mulango.

Korali ilianza kuimba. Niliwanyamazisha. Mi, niliwanyamazisha.

Siku ya tano, 23 Agosti

Kazi ni yake kabisa, neno limetoka jana kwa mudomo wa Muzee. Nilikaa na habari hii tangu jana, daftari, na sijaipeleka fasi yoyote. Ilikuwa inanitembea mwilini sawa sisimizi. Jana jioni nilimuuliza Ketsia: sasa naweza kutangaza? Alifikiri. Alisema Muzee anataka bantu bajue siku ya karamu, korali yote imealikwa, na bazazi ba pande zote. Nitangaze siku. Ile ingine, juu yake yeye, bantu baje bajionee na macho.

Leo asubuhi nilienda soko. Mama mumoja wa Kazimia, hanijui, hajui Ketsia, alikuwa anapima ndagala zangu. Maneno yote ilipanda mpaka kwa meno. Nikamwambia siku tu. Nikamwambia muteja wa pili siku tu. Marthe alikuwa ananiangalia toka meza yake ya mafuta, akicheka na mabega.

Ni siku ya posho, tarehe 31 Agosti, saa nane ya mchana, kwa Muzee Kassimu, nyuma, kwenye maji. Bantu bote baje.